Shajara ya mradi: gari la saluni la otomatiki kwenye mbio za mita 402

Februari: kianzio

Injini ilikamilika mwaka jana na shajara hii haitaigusa sana. Habari iko nyuma yake, kwenye giaboksi.

Gari ni Toyota Mark II ya JZX100 yenye injini ya 1JZ-GTE: lita 2.5, silinda sita za mstari, tabo moja (turbo, inayosukuma hewa ndani ya injini). Ilivyotoka kiwandani, injini hii ilitoa nguvu za farasi 280 na ilifikia torki yake ya juu, Nm 378, kwenye mizunguko 2,400 tu kwa dakika. Tabo niliyofunga ni kubwa kuliko ya kiwandani. Huko juu inapumua vizuri sana, lakini chini ya mizunguko 3,500 haina presha ya maana. Karibu kila uamuzi uliofuata umetokana na namba hiyo.

Kila anayefungua boneti ananiuliza lini nitaweka gia za mkono. Siweki. Nataka kujua otomatiki yenyewe inafika wapi ikitengenezwa kama kifaa cha mashindano, na naamini inafika mbali kuliko watu wanavyoipa heshima.

Vipimo vya kianzio, kwenye uwanja uliofungwa (barabarani sikimbizi): mita 402 kwa sekunde 14.31, mwendo wa mwisho kilomita 165 kwa saa, mita 18 za mwanzo kwa sekunde 2.35. Tatizo liko kwenye hiyo 2.35. Gari linalovuka mstari kwa 165 lina nguvu ya kuingia sekunde 13 bila shida, ila muda wake unapotea kabla halijaondoka vizuri. Rekoda ya data inaonyesha wazi: nikishika breki na kukanyaga mafuta, injini inapanda hadi 2,200 inakwama hapo. Taa ya kijani ikiwaka, gari linajikokota, na presha ya tabo inafika baada ya sekunde moja na nusu hivi. Wakati huo mpinzani wa njia ya jirani ameshaondoka.

Wakimbiaji wana hesabu yao ya siku zote: ukiokoa sehemu moja ya kumi ya sekunde kwenye mita 18 za mwanzo, mwisho wa mita 402 utakuta umeokoa moja na nusu hivi. Kwa hiyo mradi unaanzia hapo, na injini inabaki ilivyo.

Sampu imeshuka

Kabla ya kununua chochote nimeteremsha sampu ya giaboksi. Mafuta yalitoka mekundu yaliyofifia, hayana harufu ya kuungua. Sumaku iliyo chini ya sampu ilikuwa na uji wa kijivu, laini kama poda ukiusugua kati ya vidole. Hiyo ni hali ya kawaida. Chuma kinasagika kidogo kidogo miaka yote. Cha kuogopa ni vipande vinavyong'aa, vumbi la rangi ya shaba, au makombo meusi ya klachi. Sikukuta hata kimoja. Chujio jipya, gaski mpya, na giaboksi imepewa ruhusa ya kuendelea na mradi. Ingekuwa na makombo, hakuna konveta (chombo cha mafuta kinachounganisha injini na giaboksi) wala kompyuta ambayo ingeiokoa, na ningeifungua yote kwanza.

Machi: konveta

Hapa ndipo otomatiki inaposhinda au kushindwa, na nitakaa hapa kidogo.

Ndani ya konveta kuna feni mbili zinazotazamana zikiwa zimezama kwenye mafuta. Moja imefungwa na injini, nyingine inaendesha shafti ya giaboksi. Ya injini inasukuma mafuta, ya pili inapokea. Katikati yao kuna stata, na hiyo ndiyo siri ya chombo chote: inageuza mafuta yanayorudi ili yaingie tena kwenye feni ya injini yakielekea upande inaozungukia, yaisaidie badala ya kuipinga. Stata inakaa juu ya klachi ya upande mmoja. Gari likiwa limesimama, inashikilia, na torki inayofika kwenye giaboksi inaweza kuwa maradufu ya ile iliyotoka kwenye injini. Gari likishika mwendo, feni ya pili inakaribia kasi ya ile ya kwanza, stata inaachia na kuzunguka nazo, na maradufu hayo yanaisha. Gari la gia za mkono halina zawadi hiyo. Klachi yake inapitisha torki ile ile iliyopewa, haiongezi hata kidogo.

Stoli ni mizunguko ambayo injini inafikia wakati feni ya pili imezuiwa. Konveta ya kiwandani ilikuwa na stoli ya chini, na sawa kabisa, kwa sababu tabo ya kiwandani iliamka chini. Mimi nimebadilisha tabo, kwa hiyo konveta nayo ni lazima ihame. Niliyochagua ina kipenyo kidogo zaidi, na nilimwomba aliyeijenga stoli ya 3,500 kwa uzito wa gari hili na torki ya injini hii. Maelezo hayo ni ya lazima. Konveta ile ile ikifungwa nyuma ya injini yenye torki kubwa zaidi itatoa stoli ya juu zaidi, kwa hiyo namba iliyoandikwa kwenye boksi haina maana bila injini inayoisukuma.

Halafu stoli ziko mbili, na watu wanazichanganya. Ipo ya kushikilia breki: unakanyaga mafuta gari likiwa limefungwa, unaangalia mshale. Kwa gari langu ni 2,600 hivi, kwa kuwa zaidi ya hapo breki za nyuma zinazidiwa na matairi yanaanza kujizungusha. Na ipo ya kuruka: unaachia breki, unazamisha mafuta yote, na mizunguko inaruka ghafla hadi pale konveta inapouma. Hii ndiyo niliyoagiza, 3,500. Anayepima ya breki akaona 2,600 anaweza kudhani amepewa konveta isiyo yake.

Kuifunga kunahitaji utulivu. Kwanza nimeimiminia mafuta karibu lita moja, isije ikaanza kavu. Kisha inaingia kwenye giaboksi kwa hatua: inashika meno ya shafti ya giaboksi, kisha shafti ya stata, kisha inashuka mara ya mwisho na kukaa kwenye pampu. Unaizungusha polepole huku unaisukuma, na kila hatua unaisikia mkononi, tuk. Isipokaa hatua ya mwisho, boliti za kengele (ganda la mbele la giaboksi linalofungwa kwenye injini) zitakapokazwa zitaisukuma konveta ndani ya pampu na pampu itapasuka kabla injini haijawashwa. Kengele ikishakazwa kwenye injini, konveta inatakiwa izunguke bure kwa mkono, na kati yake na sahani ya injini kubaki nafasi ya milimita 3 hadi 5. Yangu imebaki 4. Fundi niliye naye alitaka tupime tena upande wa pili, tukapima, ni ile ile.

Kipimo cha mafuta baada ya kazi: injini ikiwa inanguruma, mafuta yamepata joto, kila gia imepitiwa kwa zamu, ndipo kijiti kinachomolewa. Ukipima baridi utajaza kupita kiasi.

Aprili: presha, na ulaini usiotakiwa

Otomatiki ya gari la familia imetengenezwa ili abiria asihisi gia ikibadilika. Ulaini huo unapatikana kwa kuacha klachi iteleze kidogo inaposhika. Kwa anayeenda kazini ni starehe. Kwenye mita 402 ni joto, ni muda uliopotea, na ni klachi inayolika.

Kwa hiyo valvu bodi, sehemu inayogawa mafuta ya presha kwenye klachi za gia, imetoka. Springi za akumuleta (pistoni ndogo zinazolainisha ushikaji wa klachi) zimebadilishwa kuwa ngumu zaidi, tundu mbili zinazolisha klachi zimepanuliwa kidogo, na presha ya mfumo imepandishwa kwa kiasi. Nasema kwa kiasi kwa makusudi. Presha kubwa kupita mpaka inavunja vitu vigumu: shafti, ngoma, vishikio vya klachi. Ninachotaka ni gia ishike mara moja na kukaa. Gari sasa linabadilisha kwa mguso unaohisika kiunoni, na kwenye data ule mruko wa mizunguko uliokuwa ukijitokeza kati ya gia ya pili na ya tatu umetoweka.

Kompyuta ya giaboksi ni ya kujitegemea, imeunganishwa na ya injini ili ipunguze cheche kwa kitambo kifupi wakati gia inabadilika. Klachi ya kufunga konveta nimeizima kwa mbio nzima. Ilitengenezwa kwa safari ndefu na mwendo wa kutulia. Sahani yake ni ndogo mno kubeba presha yote ya tabo.

Joto

Sehemu hii ndiyo iliyonifundisha zaidi kuliko zote, kwa hiyo naandika kwa urefu.

Gari likiwa limezuiwa na injini inavuta, nguvu haina pa kwenda. Inageuka joto ndani ya mafuta, yote. Injini ikitoa kilowati 40 wakati nimeshikilia breki, na giaboksi ina lita nane hivi za mafuta, hesabu inatoa karibu nyuzi tatu za Selsiasi kila sekunde, endapo joto lingesambaa sawasawa. Halisambai. Linaanza ndani ya konveta, kwenye mafuta machache, na huko linapanda haraka kuliko kipimo chochote kinavyoonyesha. Ndiyo maana kushikilia breki huku umekanyaga ni kwa sekunde mbili tatu, basi. Anayekaa hapo akingoja mwenzake ajipange anapika giaboksi yake.

Nimeweka rejeta ndogo ya mafuta mbele, yenye feni yake, mbali na rejeta ya maji. Kihisi cha joto kiko kwenye bomba linalotoka kwenye konveta kabla ya kufika kwenye rejeta, maana hapo ndipo mafuta yana moto zaidi. Cha kwenye sampu kinasoma mafuta yaliyokwisha kupozwa na kinaweza kukudanganya.

Mipaka niliyojiwekea: mstarini naingia mafuta yakiwa kati ya nyuzi 80 na 90. Yakifika 120 mwisho wa mbio, naacha feni ifanye kazi na sirudi kwenye foleni hadi yashuke. Kwenye joto hilo mafuta yanaanza kuoza, yanaacha utando kwenye valvu, na oili sili zinakuwa ngumu.

Mei: uwanjani

Matairi ya nyuma ni laini, ya mashindano, na presha ya upepo nimeishusha. Shokomzoba za nyuma zimelegezwa upande wa kushuka. Hayo ni mambo yanayojulikana, siyarefushi.

Kuondoka ndiko kulikochukua muda. Mti wa taa (nguzo ya taa za kuanzishia mbio) wa kawaida una njano tatu zinazoshuka kwa kupishana nusu sekunde, kisha kijani. Kwa madaraja ya juu njano zote tatu huwaka pamoja, na kijani hufuata baada ya sehemu nne za kumi za sekunde. Ukingoja uione kijani ndipo uachie, umechelewa, kwa sababu mguu wako na gari lenyewe vinahitaji muda wa kuitikia. Naachia njano ya mwisho inapowaka.

Utaratibu uliokaa ni huu. Nasogea hadi taa ya kwanza ya kujipanga, natulia. Mguu wa kushoto kwenye breki, napandisha injini hadi 1,800, najongea hadi taa ya pili. Njano ya kwanza ikiwaka naongeza hadi 2,500. Njano ya mwisho, breki inaachiwa yote mara moja na mafuta yanazama. Injini inaruka, konveta inauma kwenye 3,500, na tabo tayari iko kazini. Mara ya kwanza ilipokubali hivyo, mita 18 zilisoma 1.96. Nilitoka kwenye gari nikitetemeka kwa furaha. Baadaye, presha ya matairi ilipokaa sawa, ikawa 1.88.

Kuna mchezo mmoja ambao nauona kila uwanja na unaniumiza: mtu anaweka gia huru, anapandisha injini hadi 4,000, kisha anatupa kwenye D. Klachi ya kwanza inapokea pigo ambalo haikujengewa, na klachi za upande mmoja zinapasuka. Hakuna muda unaopatikana hapo ambao konveta sahihi haiwezi kukupa.

Vivyo hivyo kwenye kupasha matairi. Nayazungusha kwenye maji yaliyomwagwa nikiwa gia ya pili, na napunguza mafuta kabla matairi hayajatoka majini na kushika lami kavu. Matairi yakishika ghafla injini ikiwa wazi, pigo lote linarudi kwenye giaboksi.

Wapo wanaonishauri niweke breki ya ndani ya giaboksi, inayoshika gia ya kwanza na rivasi kwa pamoja ili shafti ya kutoka isizunguke kabisa, kisha kwa kuachia kitufe rivasi inaacha na gari linaruka. Inafanya kazi ajabu, na Dodge Challenger SRT Demon ya 2018 ilitoka nayo kiwandani. Lakini inaruhusu stoli kamili kabla ya taa, na ekseli za gari hili bado ni za kawaida. Breki ya mguu inanitosha kwa sasa.

Ndugu mmoja wa foleni aliniuliza kwa nini magari mengi makali ya Marekani bado yanatumia Powerglide, giaboksi ya gia mbili iliyoanza mwaka 1950. Jibu liko kwenye konveta ile ile. Injini yenye torki nyingi na konveta nzuri haihitaji gia ya kwanza fupi. Ikipewa fupi, itachoma matairi tu. Gia mbili zina badiliko moja, vitu vichache vinavyozunguka, na nafasi chache za kitu kwenda mrama. Kwa lita zangu 2.5 isingefaa, nahitaji msaada wa gia, ila mantiki yake naipenda sana.

Pointi za kubadilisha gia

Uwiano ni 2.53 kwa gia ya kwanza, 1.53 ya pili, 1.00 ya tatu. Ya nne siifikii. Kwa hesabu kavu, kutoka ya kwanza kwenda ya pili mizunguko 6,500 inashuka hadi 3,930. Kwenye data inashuka hadi 4,600 hivi. Tofauti hiyo ni konveta: inateleza kidogo baada ya kila badiliko na kuiacha injini pale tabo ilipo hai. Faida yake kwa hiyo haiishii mstarini, inarudi kila gia.

Kompyuta inatoa amri, kisha mafuta yajaze klachi, kisha gia ishike. Kwenye gia ya kwanza mshale unapanda kwa kasi mno, kwa hiyo amri inatoka 6,100 ili gia ishike karibu na 6,500. Kutoka ya pili kwenda ya tatu, amri inatoka 6,300. Nilijaribu kuchelewesha hadi 6,900. Mwendo wa mwisho haukuongezeka na muda ulizidi kidogo. Tabo inaishiwa pumzi huko, ni kelele tu.

Kupima mtelezo

Swali lililonisumbua: konveta hii imelegea kupita kiasi? Jibu linapatikana kwa chaki. Nimechora mstari kwenye tairi na kwenye sakafu, nikalisukuma gari, ndani nikiwa nimeweka mzigo wenye uzito kama wangu, hadi mstari ulipogusa tena sakafu. Mzingo: mita 1.95. Difu ina uwiano wa 3.9. Kwenye kilomita 170 kwa saa tairi linazunguka mara 1,453 kwa dakika, na propela mara 5,667. Gia ya tatu ni moja kwa moja, kwa hiyo bila mtelezo injini ingesoma 5,667 pia. Imesoma 6,100. Mtelezo ni asilimia 7. Tairi nalo linateleza kidogo kwenye lami, kwa hiyo hata hiyo 7 si ya konveta peke yake. Nimeridhika. Ingepita 10, ningeirudisha ikazwe.

Juni: kujirudia

Muda bora sasa: sekunde 13.22, kilomita 170 kwa saa, mita 18 kwa 1.88. Injini ni ile ile ya Februari, presha ya tabo ile ile.

Ila kinachonifurahisha zaidi kiko kwenye safu nyingine ya daftari. Mafuta yakiwa popote kati ya nyuzi 70 na 105 wakati wa kujipanga, muda ulikuwa ukiyumba kati ya 13.2 na 13.4. Nilipoanza kuingia mstarini kwenye 85 kila mara, mbio za jioni moja zilikaa zote kati ya 13.22 na 13.27. Mafuta yenye joto lile lile yana wepesi ule ule; konveta inauma pale pale, klachi zinajaa kwa muda ule ule.

Kwenye mashindano ya kutangaza muda hilo ndilo linaloshinda. Unaandika kwenye kioo muda unaoamini utakimbia, mwenye gari la polepole anatangulizwa kwa tofauti hiyo, na anayekimbia haraka kuliko alivyotangaza anatolewa, endapo mpinzani hakufanya vivyo hivyo. Nimeandika 13.24. Gari lenye nguvu maradufu likitangaza 10.80 halinitishi, swali ni nani anakijua chombo chake. Otomatiki iliyotunzwa joto inajulikana.

Kuingia sekunde 13 kumekuja na masharti. Kwa kanuni za NHRA, chama cha mbio hizi cha Marekani alichokianzisha Wally Parks mwaka 1951, kofia ngumu ni lazima kuanzia 13.99 kwenda chini, na roli baa (fremu ya kumlinda dereva gari likipinduka), kwa gari kama hili, kuanzia 11.49. Otomatiki inatakiwa pia kuwa na swichi inayozuia injini kuwaka ikiwa kwenye gia, na kizuizi kwenye leva ili mkono usiteleze hadi rivasi. Vyote viwili vipo. Kofia ninayo tangu mwanzo.

Kazi inayofuata ni kitanzi cha propela, ili ikikatika upande wa mbele isichimbe chini. Mafuta ya giaboksi nayabadilisha tena wakati huo huo, na sampu itafunguliwa ili sumaku isomwe upya. Baada ya hapo nitaomba stoli ya kuruka ipimwe na presha ya tabo ikiwa imeongezwa kidogo, nione kama 3,500 inapanda, na kwa kiasi gani.